Sura ya Sita: Mgeni Aliyeletwa na Tangazo

Katika gharama zote zinazomkabili mwenye biashara ndogo katika gombolola ya Midia, hakuna iliyo nyepesi kuianza na nzito kuihesabu kama ile ya kununua nafasi ya juu katika majibu ya Google. Kwani kuianza hakutaki zaidi ya simu, kadi ya benki na saa moja ya jioni, ilhali kuihesabu kunataka subira, insafu, na daftari ambalo mwenye nalo hathubutu kulidanganya. Mwisho wa mwezi mtambo humwonyesha idadi ya watu waliobofya tangazo lake, naye huona wageni wamekuja na fedha zimeingia. Na madhali mambo haya mawili yametukia pamoja, hukata shauri kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Sura hii inahusu umbali uliopo baina ya kutukia pamoja na kuzaana, kwa sababu ndani ya umbali huo mitaji ya watu wanyonge hupotea bila mtu kusikia kishindo.

Midia imo katika wilaya ya Koboko, iliyotengwa na Arua mwaka 2005, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako mipaka ya nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, hukutana penye Salia Musala. Barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra katika mpaka wa Kongo hupita Arua na Koboko mpaka Oraba katika mpaka wa Sudan Kusini, na tangu itiwe lami imekuwa mshipa wa tijara ya upande ule wote: hupita madereva wa malori yaendayo Juba, watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Lobule, Rhino Camp na Bidibidi, wachuuzi waendao Ariwara na kurudi, na wazazi wapelekao watoto shule za bweni. Watu hawa, pamoja na tofauti zao zote, wana hali moja inayowaunganisha, nayo ni kwamba wengi wao hawamjui mwenyeji. Mzaliwa wa Midia akitaka fundi wa pikipiki, saruji au kitanda cha kumlaza mkwe wake, hana haja ya kuuliza mtambo wowote, maana ajuaye yuko hatua chache kutoka mlangoni pake. Mgeni ndiye anayeiuliza simu. Msomaji akishike kipambanuzi hiki cha mwenyeji na mgeni, kwa kuwa karibu kila jambo litakalosemwa hapa mbele limesimama juu yake.

Aidha, hali ya mtandao nchini Uganda imeyapa matangazo ya utafutaji uzito zaidi kuliko katika nchi jirani. Facebook ilifungwa kwa amri ya serikali Januari 2021, katika siku za uchaguzi mkuu, na tangu hapo aitakaye hulazimika kupita njia za kando. Hivyo soko ambalo wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania hulitumia kutangaza bidhaa kwa fedha kidogo likawa finyu kwa mwenzao wa Uganda, na utafutaji ukabaki kuwa mlango ulio wazi kuliko mingi.

Utafutaji wa kulipia si kama bango la kando ya barabara. Bango humwangukia kila apitaye, awe na haja au asiwe nayo, lakini tangazo la utafutaji hungoja mpaka mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe kile anachokitaka. Aliyelifanya jambo hili kuwa biashara ni Bill Gross wa California, aliyefungua mwaka 1998 mtambo ulioitwa GoTo.com, ambamo nafasi ya kwanza ilikuwa ya yule aliyetaja bei kubwa kwa neno lililotafutwa, na ambamo fedha haikutozwa ila pale mtu alipobofya. Kampuni hiyo iliitwa Overture mwaka 2001, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 2003. Google ilianza huduma yake ya AdWords Oktoba 2000, ikiwa na watangazaji 350 tu, na mwaka 2002 ikafuata utaratibu wa kulipia kila mbofyo; lakini iliongeza sharti moja lenye hekima, kwamba bei peke yake isitoshe kumpa mtu nafasi ya juu, bali izidishwe na kadiri tangazo lake linavyoelekea kubofywa na watafutaji.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa kuwa hapa ndipo penye faraja kwa mnyonge. Tuseme kampuni kubwa ya kukodisha vyumba, yenye makao mbali, imetaja shilingi 1,000 kwa mbofyo mmoja, lakini tangazo lake ni la jumla, halitaji Koboko wala barabara yake, nalo limepimwa kwa alama 4. Na tuseme mwenye loji ya Midia ametaja shilingi 800, lakini tangazo lake limeandika waziwazi mahali lilipo, bei ya chumba na kwamba pana ua wa kuegesha lori, nalo limepata alama 8. Kampuni ina 4,000, na loji ina 6,400. Loji hukaa juu. Na zaidi ya kukaa juu, haitozwi zile shilingi 800 ilizotaja, bali kiasi kinachotosha kumzidi aliye chini yake tu, yaani 4,000 kugawanya kwa 8, ambayo ni shilingi 500 na kitu kidogo juu yake. Kanuni hii ina undugu na fikra za mchumi William Vickrey, aliyeandika juu ya minada ya namna hii mwaka 1961 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Leo Google imeiongezea vipimo vingine vingi, lakini kiini chake kimebaki: anayesema kweli na kwa uwazi hulipa kidogo kuliko anayepiga kelele.

Jinsi mnada ulivyo na insafu, ndivyo uteuzi wa maneno usivyo na huruma. Mtu wa Midia anayenunua neno "Koboko" bila kuuwekea utafutaji mpaka wa nchi huenda akajikuta akilipia udadisi wa Wanigeria, ambao kwao koboko ni mjeledi. Na akinunua jina la gombolola yake peke yake, atagongana na Wabrazili, ambao huviita vyombo vyao vya habari kwa neno lenye herufi hizo hizo. Katika orodha ya maneno yaliyosababisha mibofyo, ambayo Google huitoa lakini wengi hawaifungui, makosa ya namna hii huonekana mstari kwa mstari pamoja na fedha iliyoliwa na kila mstari, na mwenye busara huisoma kila juma na kuyafungia nje maneno yasiyomhusu. Pana pia chaguo la mahali, lililofichwa mbali na macho: mtangazaji asipochagua vingine, tangazo huonyeshwa si kwa walioko katika eneo alilolitaja tu, bali na kwa wale walioonyesha kupendezwa na eneo hilo wakiwa kwingine. Kwa mwenye loji hili ni neema, kwani mtumishi wa shirika aliyeko Kampala akipanga safari ya Koboko ndiye hasa anayetakiwa. Kwa fundi wa pikipiki ni fedha iliyomwagwa, maana hakuna atakayesukuma pikipiki mbovu kutoka Kampala mpaka Midia.

Na hata aliye mgeni wa kweli hugharimika kuufikia ukurasa wa mwenye loji. Julai 2021, ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyokuwa ikitozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu 2018 ilipoondolewa, serikali iliweka badala yake ushuru wa asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Ukurasa uliojaa picha kubwa hula bando la mgeni kabla hajaona bei, naye huufunga na kwenda zake. Lakini mbofyo wake umekwisha kulipiwa. Bei na nambari ya simu viwe katika mistari ya kwanza, na picha moja inatosha.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Tuseme mwenye loji ametumia shilingi 180,000 kwa mwezi, akapata mibofyo 300 kwa shilingi 600 kila mmoja, na kutokana na mibofyo hiyo wageni sita wamelala siku mbili mbili, kila usiku shilingi 50,000. Pato ni shilingi 600,000. Wauzaji wa matangazo, na vijana wanaofanya kazi ya kuyasimamia kwa niaba ya wengine, husimama hapa na kutangaza kwamba kila shilingi imerudi na nyingine mbili na zaidi. Lakini pato si faida. Chumba kina sabuni, kina dobi, kina chai ya asubuhi na mafuta ya jenereta, na tukikadiria kwamba kila usiku wa mgeni hugharimu shilingi 20,000, kinachobaki ni shilingi 30,000 kwa usiku, na kwa siku kumi na mbili ni 360,000. Ondoa gharama ya tangazo, na kilichosalia ni 180,000. Bado ni kizuri. Lakini tumwulize kila mmoja wa wale sita, na tuseme imedhihirika kwamba watatu kati yao ni wateja wa zamani, walioandika jina la loji ili tu kuipata nambari ya simu, wakabofya tangazo kwa kuwa ndilo lililokuwa juu. Hawa wangekuja hata kama tangazo lisingalikuwako. Wageni walioletwa na tangazo ni watatu, siku zao ni sita, faida yao ni shilingi 180,000, na ukiondoa gharama unapata sifuri. Wakiwa wa zamani ni wanne, pana hasara ya shilingi 60,000. Mwezi ni ule ule, wageni ni wale wale, fedha ni zile zile, lakini hukumu zimekuwa nne, na ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kupendeza, ndiyo iliyo mbali kabisa na kweli.

Mtambo katika hali hii ni kama mpiga debe wa stendi ya Arua, ambaye hulipwa kwa kila abiria aingiaye garini, na ambaye humshika mkono hata yule aliyekuwa akielekea gari lile lile na tiketi yake mfukoni.

Wapo waliolipima jambo hili kwa ukubwa ambao Midia haiwezi kuufikia, na matokeo yao yanastahili kujulikana na kila mwenye duka. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walipokuwa eBay, kampuni ya soko la mtandaoni, walisimamisha Machi 2012 ununuzi wa maneno yenye jina la kampuni hiyo katika mitambo ya Yahoo na Microsoft. Ilionekana kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea katika matangazo ilirudi kwa njia ya bure, kwa kuwa watu wale wale waliteremka kidogo katika ukurasa wakabofya jibu lisilolipiwa. Kisha wakaenda mbali zaidi: kwa siku 60 walizima hata matangazo ya maneno ya jumla ya Google katika sehemu ya mikoa ya Marekani, karibu asilimia 30, wakayaacha katika mikoa iliyobaki, wakalinganisha mauzo. Hesabu za kawaida zilikuwa zimeonyesha faida ya kutia tamaa. Jaribio lilionyesha kwamba kwa wastani kila dola iliyotumika ilipata hasara ya senti 63. Waliogeuzwa na matangazo walikuwa wale waliokuwa hawajawahi kununua, au walionunua mara chache sana. Wateja wa kila siku hawakubadilika hata chembe, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakibofya zaidi, ndio walioila fedha. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 2015.

Wengine, walipoyasikia haya, walikimbilia kusema kwamba matangazo ya utafutaji ni ubatili mtupu. Mimi siafiki. Kwanza, eBay ilikuwa na jina lililojulikana nchi nzima, na loji ya Midia haina. Pili, Daisy Dai, Hyunjin Kim na Michael Luca, waliogawa kwa kura matangazo ya bure kwa maelfu ya migahawa katika mtandao wa Yelp, waliona kwamba waliotangaziwa walitazamwa na kutafutwa zaidi kuliko wenzao walioachwa. Kwa hiyo matokeo haya mawili hayapingani. Yanaelekeza mahali pamoja, kwamba tangazo humfaa asiyejulikana mbele ya asiyemjua. Mwenye loji asinunue kamwe jina la loji yake mwenyewe, ila pale mshindani anapolinunua kwa hila. Wala asiwatangazie watu wa mji wa Koboko, ambao humwona kila siku. Anunue maneno ya mtu wa mbali: malazi ya njia ya Oraba, ua wa kuegesha lori, chumba karibu na kambi ya Lobule. Mibofyo itakuwa michache, na uchache huo usimtie huzuni.

Namna ya kupima sasa. Jambo la kwanza ni laini ya simu ya pili, ambayo nambari yake isiandikwe popote ila katika tangazo, kwa maana katika nchi yetu biashara haimalizikii kwenye ukurasa wa intaneti, bali humalizikia kwenye simu, kisha kwenye fedha za mkononi za MTN au Airtel. Kila simu iingiayo kwa laini hiyo iandikwe daftarini: siku, mahali mpigaji alipo, kama amewahi kulala hapo, na kama hatimaye alikuja. Hata hivyo daftari hili linaonyesha aliyepita njia ya tangazo, si aliyeletwa nalo, na kwa hilo la mwisho hapana budi kuzima na kuwasha. Kila Jumapili jioni mwenye loji arushe sarafu ya shilingi 500. Ikilala upande wa korongo, tangazo liwashwe juma zima, na ikilala upande wa pili, lizimwe juma zima. Naye ahesabu wageni wote wa juma hilo, si wa laini ya pili pekee. Sarafu iamue, wala asiamue yeye, kwa sababu binadamu huelekea kuwasha tangazo biashara inapochangamka na kulizima mambo yanapodorora, na kwa kufanya hivyo hukipa sifa ya msimu kitu ambacho hakikuuleta msimu. Ramadhani, kufunguliwa kwa shule, mwisho wa mwezi na kufungwa kwa mpaka huangukia juma lolote, na bahati ya sarafu huyatawanya pande zote mbili.

Njia hii si ngeni Uganda. Juni 2009 Google, pamoja na MTN Uganda na Grameen Foundation, ilianzisha huduma za ujumbe mfupi, mojawapo ikiwa Google Trader iliyowakutanisha wauzaji na wanunuzi wasio na intaneti, na nyingine ikitoa mashauri ya afya. Wachumi Julian Jamison, Dean Karlan na Pia Raffler waliipima ile ya afya kwa kuvigawa vijiji kwa kura, vingine vikitangaziwa huduma na vingine visitangaziwe, na matokeo yake yaliwashangaza waliokuwa wakiisifu, kwa kuwa maarifa ya watu hayakuzidi. Nani angeliyajua hayo kwa kuhesabu jumbe zilizotumwa?

Liko shaka moja lililobaki, nalo ni zito. Randall Lewis na Justin Rao waliyakusanya majaribio 25 ya matangazo ya kampuni kubwa za Marekani, mengi yakiwa na watu zaidi ya milioni moja kila moja, wakaonyesha mwaka 2015 kwamba hata kwa wingi huo mara nyingi haikuwezekana kupambanua faida nzuri na hasara, kwa kuwa mauzo ya watu hupanda na kushuka kwa sababu elfu zisizohusiana na tangazo. Ikiwa milioni hazikutosha, wageni sita wa Midia watatosha vipi? Hawatoshi. Mwenye loji akirusha sarafu kwa miezi mitatu atakuwa na majuma 13 tu, na ndani ya majuma 13 arusi moja au lori moja lililoharibika njiani linaweza kuigeuza hesabu yote. Nasema hivi si kumkatisha tamaa, bali ili asimwamini mtu yeyote, awe wa Kampala au wa California, anayemwahidi kipimo cha yakini kwa mwezi mmoja.

Lakini loji kumi zikirusha sarafu zao kila moja kwa wakati wake, na madaftari kumi yakakutanishwa, zitapata kwa mwaka mmoja maarifa ambayo moja peke yake isingeyapata kwa miaka kumi. Nawasihi wenye nyumba za wageni, maduka na karakana wa Midia, Koboko na Arua, ambao wengi wao tayari hukopeshana fedha katika vikundi vya akiba na kuaminiana kwa mamilioni, wakubali kuaminiana na kwa hesabu hizi: wafungue kila mwanzo wa mwezi daftari moja la pamoja, lenye safu ya majuma yaliyowashwa, safu ya majuma yaliyozimwa, idadi ya wageni wa kila juma na fedha iliyotumika, na walianze mwezi huu.